Barua ya wazi: Mnangoja dalili za ugonjwa usio na dalili

Kwenu waheshimiwa mnaopanga huduma za afya, mnaogawa bajeti yake na mnaotoa vibali vya dawa,

Nawaandikia nikiwa muuguzi wa kliniki ya macho. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kupima: herufi za ubaoni, presha ya jicho, uwanja wa kuona. Hiki kipimo cha mwisho ndicho kilichonikalisha chini niandike. Mgonjwa anaegemeza kidevu kwenye kishikio, jicho moja tunaliziba, anakodolea nukta iliyo katikati ya bakuli jeupe, na kila akiona mwanga mdogo anabonyeza kitufe. Mimi nakaa pembeni nasikiliza. Kitufe kinalia, kinalia, halafu kinanyamaza muda mrefu. Kwenye skrini yangu naona taa zinaendelea kuwaka upande wa juu, karibu na pua, moja baada ya nyingine, na hakuna anayebonyeza. Tukimaliza, mgonjwa ananiambia kwa furaha kwamba kipimo cha leo kilikuwa rahisi, taa zilikuwa chache.

Taa zilikuwa zilezile. Zile alizozikosa hakujua kwamba amezikosa, na hapo ndipo ilipo shida yote ya glakoma, ugonjwa ambao wengi wanauita presha ya macho.

Huduma mlizotujengea zinaanza pale mtu anapolalamika. Anaumwa, anakuja, anapimwa, anapewa dawa. Kwa jino au kwa homa utaratibu huo unafaa kabisa. Kwa aina ya glakoma inayowapata watu wengi zaidi, mtu hana cha kulalamikia mpaka sehemu kubwa ya mshipa wa fahamu wa jicho iwe imekufa. Jicho haliumi, haliwashi, haliwi jekundu. Macho mawili yanafichiana: palipokufa kwenye la kulia, la kushoto linapaona. Ubongo nao unajazia mapengo yaliyobaki kwa kukisia. Halafu uoni wa katikati, ule wa kusomea na kutambulia sura za watu, ndio unaoondoka mwisho. Kwa hiyo mtu anaweza kusoma mstari wa chini kabisa ubaoni, akapewa leseni ya udereva, na asimwone mtoto anayekimbilia barabarani kutokea pembeni.

Kwa wale ambao si wa fani, nieleze kinachotokea ndani. Sehemu ya mbele ya jicho ina maji yanayotengenezwa bila kukoma, na yanatoka kupitia kichujio kidogo kilichoko kwenye pembe inayokutanisha kioo cha mbele na ile sehemu yenye rangi. Kichujio kikichoka, maji yanatoka kwa shida na presha ndani ya jicho inapanda. Haina uhusiano wa moja kwa moja na ile presha ya damu inayopimwa mkononi, na vidonge vya moyo havichukui nafasi ya matone. Presha hiyo inaukandamiza mshipa wa fahamu pale unapotokea nyuma ya jicho kwenda kwenye ubongo. Mshipa huo una nyuzi zipatazo milioni moja, na uzi ukifa hakuna dawa, miwani wala upasuaji unaoufufua. Mtoto wa jicho anaondolewa na mtu anaona tena. Glakoma ikishachukua imechukua, ndiyo maana duniani inaongoza kati ya sababu za upofu usiorudishika.

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2014 yaliweka idadi ya wenye glakoma, walio na umri wa miaka 40 hadi 80, kuwa milioni 64.3 mwaka 2013, na kwamba ifikapo 2040 watafika milioni 111.8. Hata katika nchi zenye uwezo, nusu hivi ya wagonjwa hawajui kama wanao. Pasipo na wataalamu wa kutosha, wasiojua ni wengi zaidi.

Sasa niseme linaloniudhi kuliko yote, yaani mabango. Kila Machi, wiki ya glakoma duniani ikifika, tunaletewa mabango yenye picha mbili: upande mmoja mtaa unaonekana vizuri, upande wa pili mtaa uleule umezungukwa na giza totoro, kama mtu anachungulia kwenye bomba. Nia ni nzuri, picha ni ya uongo. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya kuwauliza wagonjwa 50 wa glakoma wanaonaje hasa, wakawaonyesha na picha wachague. Hakuna hata mmoja aliyechagua bomba jeusi. Walizungumzia ukungu sehemu fulani, au vitu ambavyo havipo mahali vinapotakiwa kuwapo. Robo yao hivi hawakuona kasoro yoyote, na hao tayari walikuwa wanatibiwa. Bango lenu linamfundisha mtu asubiri giza. Anajitazama, haoni giza, anajiambia yuko salama. Fedha ya kuchapa bango hilo ingechapa sentensi moja tu: ukifika miaka 40, mwambie anayekupimia miwani akuchungulie na ndani ya jicho.

Nimetaja miwani kwa makusudi. Kuanzia miaka 40 hivi karibu kila binadamu anaanza kusogeza kitabu mbali ili asome, na wengi wanakwenda wenyewe, bila kuitwa na mtu, kutafuta miwani ya kusomea. Umri huohuo ndio hatari ya glakoma inapoanza kupanda. Watu mnaowatafuta wanapita mlangoni kwetu kila siku na tunawaacha waende zao. Wanapimwa lenzi, wanapewa miwani, basi. Anayewapima mara nyingi hana muda wa kutazama nyuma ya jicho, pengine hakufundishwa, au kifaa kilichopo betri yake iliisha na hakuna aliyeagiza nyingine. Hatudai mashine ya ajabu hapa. Kifaa cha kumulika ndani ya jicho alikitangaza Hermann von Helmholtz mwaka 1851. Ombi langu la kwanza ni kanuni: asitolewe mtu wa miaka 40 na kuendelea na miwani mpya kabla kichwa cha mshipa wa fahamu cha kila jicho hakijatazamwa na alichokiona mpimaji hakijaandikwa. Palipo na kamera ya nyuma ya jicho, picha itumwe kwa daktari bingwa. Pasipo na kamera, mpimaji afundishwe. Shimo la katikati ya kichwa cha mshipa likiwa pana isivyo kawaida, au la jicho moja likiwa tofauti sana na la jicho jingine, hiyo ni rufaa, hata mgonjwa aseme anaona vizuri namna gani.

Mtaniuliza kwa nini msiandae tu kambi za upimaji, mahema yapigwe na watu wapange foleni. Nimefanya kazi kwenye kambi hizo. Kinachopimwa pale, kwa sababu ya haraka, ni presha peke yake. Kiwango kinachoitwa cha kawaida ni milimita 10 hadi 21 za zebaki, na anayesoma 17 anaambiwa hongera. Lakini katika uchunguzi maarufu wa Baltimore, Marekani, uliochapishwa mwaka 1991, nusu hivi ya macho yaliyokuwa na glakoma yalisoma presha ya kawaida yalipopimwa mara ya kwanza. Presha hupanda na kushuka ndani ya siku moja. Mwenye kioo chembamba cha mbele husomeka chini kuliko presha yake halisi. Wapo ambao mshipa unakufa na presha haijawahi kuvuka 21, na wapo wenye 25 miaka mingi bila madhara. Kipimo cha presha kina kazi yake, nakifanya kila siku, ila kikiachwa peke yake kinawatuma wagonjwa nyumbani na cheti cha uzima. Afadhali usimpime kabisa mtu kuliko kumpa cheti hicho.

Kuna kundi moja ambalo kulitafuta kuna faida ya wazi, nalo ni ndugu wa damu wa wagonjwa tulionao tayari. Utafiti wa Rotterdam wa mwaka 1998 ulikadiria kwamba ndugu wa karibu wa mwenye glakoma, kufikia uzeeni, ana uwezekano wa asilimia 22 wa kuipata, dhidi ya asilimia 2.3 kwa wasio na mgonjwa katika familia. Wenye asili ya Afrika nao wako hatarini zaidi, na kwao huanza mapema. Ninachokiona kliniki ni kwamba mgonjwa akiambiwa alete familia, analeta watoto. Watoto wa miaka ishirini! Waje, hakuna ubaya, lakini kaka yake na dada yake wa miaka 55 ndio wenye uwezekano mkubwa wa kuwa nao leo hii, na hao hakuna anayewafikiria. Wekeni kwenye faili la kila mgonjwa mpya nafasi ya kuandika ndugu zake wa tumbo moja, umri wao na tarehe waliyopimwa, na awepo mtu ambaye kazi yake ni kuwapigia simu. Nafasi ikiwa tupu baada ya miezi sita, kliniki iulizwe.

Aina nyingine za ugonjwa huu nazipitia haraka, maana zenyewe zina kelele. Kuna ile ambayo pembe inajifunga ghafla: jicho linauma vibaya, linakuwa jekundu, mtu anaona duara za rangi kuzunguka taa, kichwa kinapasuka na anatapika. Huyu anafika kitengo cha dharura, na kwa kuwa anatapika anatibiwa tumbo. Saa chache hapo zinaweza kuamua kama jicho litabaki. Wafanyakazi wa dharura wafundishwe kumtazama machoni kila anayekuja na kichwa na matapishi, na dawa ya kushusha presha ya jicho iwe kabatini kwao, isingoje daktari wa macho aamke. Na kuna watoto wachanga wanaozaliwa nayo, wenye macho makubwa yanayosifiwa na kila mgeni, yanayotoa machozi na kukimbia mwanga, pengine yana ukungu. Anayemchanja mtoto anaweza kuliona hilo kabla ya mwingine yeyote. Mtoto huyo anahitaji upasuaji, tena mapema.

Kisha wapo wanaotengenezewa glakoma na dawa. Mtoto ana mzio, macho yanamwasha, anayasugua mpaka yanavimba. Mama anapewa matone yenye steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na muwasho, deksamethasoni kwa mfano, na ndani ya siku mbili mtoto anacheza. Nani asiyeipenda dawa ya namna hiyo? Ikiisha ananunua nyingine, bila cheti, bila swali. Muwasho unarudi, chupa inarudi. Baadhi ya watu macho yao huitikia steroidi kwa kupandisha presha, na jicho haliumi, haliwi jekundu, kwa sababu steroidi yenyewe imeuondoa wekundu. Nimempima kijana wa shule mwenye presha ambayo sikutegemea kuiona kwa umri ule. Alikuja kwa sababu ubao umeanza kufifia. Mama yake alitoa chupa kwenye mkoba kwa ujasiri kabisa, anionyeshe jinsi anavyomtunza mwanawe. Steroidi ni dawa nzuri mikononi mwa anayepima presha wakati inatumika. Nje ya hapo isiuzwe. Hili liko chini ya wale kati yenu mnaosaini vibali: itolewe kwa cheti tu, na kwenye boksi iandikwe kwa lugha inayosomeka kwamba isitumike zaidi ya muda ulioandikwa bila kupimwa presha ya jicho.

Nakuja kwenye matibabu, ambako ndiko tunakopoteza hata wale tuliobahatika kuwapata mapema. Tiba zote za glakoma, matone, leza au kisu, zina lengo moja, kushusha presha ili nyuzi zilizobaki zisife. Inafanya kazi. Utafiti mkubwa wa Uswidi ulionyesha kwamba kila milimita moja ya presha inayoshuka inapunguza hatari ya ugonjwa kusonga mbele kwa asilimia 10 hivi. Lakini jitieni kwenye nafasi ya mgonjwa. Anaambiwa ana ugonjwa asiouhisi. Anapewa matone yanayowasha na kuyafanya macho mekundu, ya kutumia kila siku maisha yake yote. Anayatumia miezi mitatu na haoni vizuri zaidi ya alivyokuwa, kwa sababu hayakuwekwa kumfanya aone zaidi. Akiyaacha, kesho yake haoni tofauti. Wakiacha wengi nitawashangaa vipi?

Na hata asiyetaka kuacha, mfumo unamwachisha. Anakuja dirishani anaambiwa zimeisha, arudi wiki ijayo. Au zimeisha hizi, achukue zile. Matone hayabadilishwi ovyo. Timololi, mojawapo ya matone hayo, inaweza kumbana kifua mwenye pumu mpaka akahatarisha maisha, kwa kuwa tone la jichoni hushuka puani na kuingia kwenye damu. Latanoprosti nyingi zinahitaji kuhifadhiwa kwenye baridi kabla ya kufunguliwa, na friji likizimwa wikendi nzima hakuna anayejua kilichobaki ndani ya chupa. Dawa zote mbili zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kwa hiyo hapa siombi anasa.

Kuna jambo dogo zaidi, na naomba mlitazame kwa karibu, maana halionekani kwenye ripoti zenu. Bibi mmoja anayetibiwa kwetu ana vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi. Nilimwomba atie dawa mbele yangu kama anavyofanya nyumbani. Aliinua chupa kwa mikono miwili, akaikamua kwa nguvu zake zote, tone la kwanza likaanguka kwenye shavu, la pili kwenye kope, la tatu na la nne yakaingia pamoja jichoni, akapepesa mara nyingi na kujifuta kwa kitambaa. Chupa ya mililita mbili na nusu inatosha mwezi mzima kwa macho yote mawili, tone moja kila jioni. Yake ilikuwa inaisha katikati ya mwezi. Akienda kuomba nyingine, kompyuta inamkatalia: muda wako bado. Kwenye faili ameandikwa mgonjwa asiyefuata masharti. Tulimfundisha kulala chali, tone moja tu, afumbe jicho na abonyeze kona ya ndani karibu na pua kwa dakika mbili, na kama kuna dawa ya pili asubiri dakika tano. Mjukuu wake ndiye anayemtilia sasa. Kanuni ya kompyuta iko palepale. Ifuteni kwa dawa za glakoma, na muagize kwamba hakuna mgonjwa anayeondoka na chupa yake ya kwanza kabla hajaonekana akijitilia.

Leza ingetupunguzia sehemu kubwa ya mzigo huu. Ni matibabu ya dakika chache, mgonjwa amekaa kitini, mwanga unalengwa kwenye kile kichujio ili maji yapite vizuri zaidi. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2019 uliwaanzishia wagonjwa leza badala ya matone, na baada ya miaka mitatu karibu robo tatu walikuwa hawajahitaji tone hata moja kudhibiti presha. Msiniambie hayo ni ya kwao. Utafiti uliofanyika Kilimanjaro, Tanzania, ukachapishwa mwaka 2021, ulilinganisha leza hiyo na matone ya timololi. Baada ya mwaka mmoja leza ilikuwa imefaulu kwa asilimia 61 ya macho, timololi asilimia 31. Nguvu yake hupungua kadiri muda unavyokwenda na inaweza kurudiwa. Ila mkinunua, nunueni na mkataba wa matengenezo na mafunzo ya watu wawili angalau, asije mmoja akahama na mashine ikafunikwa shuka.

Upasuaji upo pia kwa ambao matone na leza havikutosha, na ule wa kutoboa njia mpya ya maji umekuwa ukifanyika tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Tatizo letu huko ni maneno. Mgonjwa anapasuliwa akitegemea kuona vizuri kama jirani yake aliyetolewa mtoto wa jicho. Haoni zaidi, anarudi na hasira, na habari inayosambaa ni kwamba fulani alipasuliwa macho akaharibiwa. Watano waliokuwa waje nao hawaji. Tupeni muda wa kumweleza mtu kabla. Foleni ya wagonjwa themanini kwa asubuhi moja haina nafasi ya maelezo, na maelezo ndiyo nusu ya tiba hii.

Nadhani najua kwa nini glakoma haiwavutii. Upasuaji wa mtoto wa jicho unahesabika: wamefanyiwa kadhaa, bandeji zimefunguliwa, watu wamelia kwa furaha mbele ya kamera. Glakoma ikitibiwa vizuri hakuna kinachotokea. Mtu anaendelea kuona kama jana, na hamna wa kumpiga picha. Kwa hiyo badilisheni mnachokihesabu. Katika ripoti ya kila mwaka ya kila kliniki ya macho, tunataka mstari mmoja: kati ya wagonjwa wa glakoma walioanza tiba mwaka uliopita, wangapi bado wanahudhuria, na wangapi walikosa dawa hata wiki moja. Nina hakika takwimu za mwanzo zitatutia aibu sote. Zichapisheni hivyohivyo.

Mengi niliyoomba yanahitaji bajeti, na najua bajeti ina wenyewe na ina misimu yake. Suala la matone ya steroidi halihitaji mashine, jengo wala mafunzo ya nje. Linahitaji tangazo na sahihi. Anzeni na hilo, na mtujibu kwa barua yenye tarehe ya kuanza kutumika.

Wasalaam,

Muuguzi, kliniki ya macho